Mshipi Kwanza, Ufito Baadaye

Jumamosi moja mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nairobi. Hapa Kasongo, Kongo, mtandao huja vizuri ukiwa mahali palipoinuka, basi nikatoka na simu sikioni mpaka nyuma ya jiko, nikasimama juu ya kichuguu.

"Jambo, mjomba. Nyumbani wote wazima?"

"Wazima, mwanangu. Mbona kelele kama uko sokoni?"

"Niko dukani, wanauza vifaa vya kuvulia. Nina pesa ya ufito mmoja tu, mjomba. Nataka kwenda nao Nyeri kuvua trauti, na Desemba nikija nyumbani nishuke nao mto Luama. Nichukue upi?"

Nikamwambia atoke dukani kwanza. Hakufurahi, lakini alitoka, na tukazungumza mpaka salio lake likaisha. Niliyomwambia siku ile, pamoja na yale ambayo simu ilinikatisha nisiyaseme, ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa kuwa najua si yeye peke yake anayejiuliza. Vijana wetu wengi sasa wanafanya kazi Nairobi na Mbeya, karibu na mito ya milimani yenye samaki wa kizungu, na mioyo yao bado iko kwenye mito yetu.

Aliuliza habari ya ufito. Karibu kila anayeanza uvuvi wa kurusha nzi huuliza hivyo hivyo, maana ufito ndio unaoonekana. Ni mrefu, unang'aa, una jina la kiwanda na bei ya kutisha. Mshipi uko kwenye boksi dogo kando, umezungushwa kwenye gurudumu la plastiki, na mwenye duka hukutupia juu ya meza ukiwa tayari umeshalipa. Lakini katika uvuvi huu mshipi ndio mzigo na ndio nguvu. Ufito kazi yake ni kuubeba.

Mtoto wa Luama anajua kutupa ndoana kabla hajajua kusoma. Anafunga risasi au kokoto kwenye nailoni, anaweka chambo, mnyoo au donge la bukari (ugali), anazungusha mkono na kuachia. Kinachosafiri ni lile jiwe, na uzi unafuata nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ndiyo maana uzi wetu unaweza kuwa mwembamba na mwepesi kiasi chochote. Sasa mpe mtoto huyo huyo nzi wa trauti, yaani ndoana isiyozidi ukucha wa kidole kidogo, imevikwa uzi na unyoya ili ifanane na mdudu. Unyoya hautupiki. Simama kwenye upepo, tupa unyoya wa kuku kwa nguvu zako zote, utakurudia usoni.

Basi waliobuni uvuvi huu waliuhamisha uzito kutoka kwenye chambo wakautia kwenye mshipi wenyewe. Mshipi wa kurushia nzi ni mnene kama kamba ya kiatu, una moyo wa nailoni uliosukwa na ngozi ya plastiki juu yake. Unapourusha nyuma, unanyooka hewani na kuuvuta ufito mpaka upinde. Ufito unapojinyoosha, unausukuma mshipi mbele, na lile fundo la unyoya linabebwa mwishoni bila jitihada yake lenyewe. Anayejua mjeledi wa mchunga ng'ombe ameshaelewa nusu ya somo.

Kwa hiyo kila ufito wa kazi hii umeandikwa namba karibu na mpini: 3, 5, 8 na kadhalika. Wengi hudhani hiyo ni nguvu ya ufito, kama namba ya injini. La. Ni namba ya mshipi ambao ufito huo ulitengenezwa kuubeba. Mpaka katikati ya karne iliyopita mishipi ilikuwa ya hariri, ikipimwa kwa unene na kupewa herufi, na jioni mvuvi alilazimika kuianika isioze, na kuipaka mafuta ili ielee. Ilipokuja mishipi ya plastiki, unene haukusema tena lolote kuhusu uzito, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani kilikubaliana juu ya namba zinazotumika mpaka leo. Hupimwa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9 na kidogo. Kwa namba 5 kipande hicho kina uzito wa gramu 9 hivi, kwa namba 6 gramu 10 na theluthi, kwa namba 8 karibu gramu 14. Karatasi moja ya ofisi ina gramu 5. Mzigo wote wa mshipi namba 5, basi, haufiki karatasi mbili. Tofauti ya gramu moja tu mkono unaihisi, na samaki anaihisi zaidi.

Nasema hivi kwa kuwa nimeyalipia. Miaka ile nilipokaa Nyeri miezi michache, niliingia duka moja nikiwa sijui kitu, nikatoka na ufito namba 8 na mshipi wake. Muuzaji aliutikisa mbele yangu ukalia hewani, nikaona huu ndio ufito wa mwanamume. Nikaenda nao kwenye kijito ambacho ningeweza kukivuka kwa hatua sita. Mshipi ulianguka majini kama kofi. Nilisimama pale mpaka saa sita mchana nikiyapiga maji, na samaki pekee niliowaona ni vivuli vinavyokimbia kujificha chini ya mizizi. Mzee mmoja wa pale, ambaye alikuwa amekaa ng'ambo akiniangalia kwa huruma, alivuka akanipa ufito wake nijaribu. Ulikuwa mwepesi, umechakaa, mpini wake wa gome umekuwa mweusi kwa jasho. Namba 5. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshika trauti wa kwanza maishani mwangu, mwenye urefu wa kiganja na nusu, ubavu wake una mstari wa rangi ya waridi. Sijausahau mshtuko ule mdogo mkononi.

Trauti si samaki wa Afrika yetu. Asili yao katika bara hili iko kaskazini tu, kwenye milima ya Atlas. Wale wa Kenya waliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliwatia trauti wa kahawia wa asili ya Loch Leven, Scotland, katika mto Gura unaoshuka kutoka Nyandarua. Miaka michache baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua, ambao kwao ni pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kutotolea trauti Kiganjo, karibu na Nyeri, na kutoka huko vifaranga vilipelekwa kwenye mito. Leo wako Gura, Chania, Mathioya, Thego, Sagana, Naro Moru, na kwenye vijito vingine vya Mlima Kenya na Nyandarua. Tanzania nako walitiwa kwenye mito ya Kilimanjaro na nyanda za Mbeya. Kokote walikopona ni juu, kwenye baridi, kwa sababu trauti huhangaika maji yakipita digrii 20 na hufa yakikaribia 25. Anahitaji maji yanayopiga mawe na kuchanganyika na hewa.

Mito ya namna hiyo ndiyo inayoamua mshipi. Ni myembamba, ina vichaka mpaka ukingoni, juu mianzi na mikuyu imeinama. Samaki wengi utawapata mita sita, nane, kumi kutoka unaposimama. Hapo huhitaji kurusha mbali hata kidogo, bali kurusha kidogo na kwa upole. Na chakula kingi cha trauti kiko chini ya maji, viwavi wa wadudu wanaokaa mawe ya mtoni, ingawa asubuhi na jioni hupanda kula juu. Mshipi unaoelea hufanya kazi zote mbili. Ukitaka kuvua juu unafunga nzi mkavu. Ukitaka kwenda chini unarefusha uzi wa mbele na kufunga nzi mwenye uzito kidogo, na kwenye kina cha kiunoni anafika bila shida. Kwa hiyo kwa Nyeri nilimwambia achukue mshipi unaoelea, namba 5. Mishipi inayozama ni mizuri kwa maziwa ya juu ya mlima. Mtu wa mtoni anaweza kuisubiri miaka kumi bila kupungukiwa.

Mbele ya mshipi hufungwa uzi mwembamba wa nailoni, urefu wa mita mbili na nusu au tatu, unaopungua unene kuelekea mwisho. Kwa trauti wa Kenya ncha yake iwe milimita 0.18, na maji yakiwa maangavu sana, 0.15. Wenzetu wengi hukata tamaa wakiona wembamba huo. Hawajui kwamba ufito unaopinda vizuri ndio unaoulinda. Samaki anapovuta, ufito unainama badala ya uzi kukatika.

Sasa ndipo tunafika kwenye ufito, na hapa naweza kwenda haraka, maana mshipi umeshatuamulia mengi. Mshipi namba 5 unataka ufito namba 5. Urefu futi 9, kama mita 2 na robo tatu. Wako watakaomwambia achukue wa futi 7 kwa sababu ya vichaka, na kwa kijito kimoja tu wangekuwa sawa. Lakini ufito mrefu hukuwezesha kuuinua mshipi juu ya mkondo wa kasi ulio katikati ili nzi apite taratibu upande wa pili, na Luama, ambako ukingo ni mpana, ule mfupi utamtesa. Asichukue mgumu. Ufito mgumu hupendeza ukitikiswa dukani, halafu mtoni, ukiwa na mita sita tu za mshipi nje, haupindi, na ufito usiopinda ni fimbo. Uwe wa kupinda mpaka katikati.

Zamani fito bora zilikuwa za mwanzi kutoka Guangdong, China, uliopasuliwa vipande sita na kuunganishwa kwa gundi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja za nyuzi za kioo, na miaka ya 1970 zile za nyuzi za kaboni, baada ya wanasayansi wa Farnborough, Uingereza, kuikamilisha kaboni hiyo kwa ajili ya ndege. Kaboni ni nyepesi na ndiyo imejaa madukani. Ila haipendi kugongwa. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo, hupinda polepole na huvumilia maisha magumu, na bado zinatengenezwa. Akizipata kwa bei nzuri, mimi sitamcheka. Jambo ambalo sikumwachia nafasi ya kubishana ni vipande. Uwe wa vipande vinne. Ufito wa futi 9 uliogawanywa mara nne huwa na vipande visivyozidi sentimita 70 na kitu, ndani ya bomba lake hufungwa nyuma ya pikipiki pamoja na begi. Yeyote aliyesafiri njia ya Fizi kwenda Kabambare hadi hapa Kasongo, na madaraja yake ya magogo, anajua kwa nini.

Kigurudumu cha kuzungushia mshipi, kwa trauti, ni mahali pa kuuhifadhi tu. Achukue cha bei ndogo kisicho na kutu.

Mpaka hapo mpwa wangu alikuwa ameridhika. "Basi mjomba, ufito namba 5, mshipi namba 5, nimemaliza."

"Hujamaliza. Hayo ni ya Nyeri. Luama je?"

Na hapa ndipo watu wengi wanaponaswa na neno "ufito wa kazi zote". Mishipi mingi inayouzwa kwa ajili ya trauti imetengenezwa kwa maji ya baridi. Ngozi yake na moyo wake ni laini, ili isijikunje kama kamani ya saa katika maji ya digrii 10. Ulete mshipi huo Kasongo, uuweke juani saa nane mchana, utalegea kama tambi iliyopikwa. Utanata kwenye pete za ufito, utagoma kuteleza, na ule mruko mzuri wa Nyeri utakufa mita tano mbele yako. Mimi nilidhani nimesahau kurusha, nikajilaumu siku mbili nzima pale kwenye maungio ya Luama na Lualaba kabla sijaelewa kwamba kosa halikuwa langu. Ipo mishipi iliyotengenezwa kwa nchi za joto, yenye moyo mgumu na ngozi ngumu. Nayo ukiipeleka Thego alfajiri hujikunja kama waya. Hakuna mshipi mmoja unaofanya yote mawili vizuri, na anayekuambia upo hajavua pande zote mbili.

Ufito haujali joto. Ufito ule ule unaweza kuwa Nyeri Julai na Kabambare Desemba. Kinachobadilika ni mshipi. Kama pesa ni kidogo, basi, ufito wa bei ya chini na mishipi miwili inayofaa ni bora kuliko ufito wa kifahari na mshipi mmoja.

Luama wenyewe, kwa wasioujua, unashuka kutoka milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, unapita nchi ya Kabambare na kumimina Lualaba, kusini mwa Kasongo. Ni njia ya maji iliyo jirani na njia kongwe ya misafara kutoka Ujiji. Livingstone aliugua vidonda vya miguu Kabambare kwa miezi mingi mwaka 1870, na alipofika Nyangwe mwaka uliofuata alikwama ukingoni mwa Lualaba, hakupata mitumbwi ya kumvusha. Watu wa maji, Wagenya, walikuwa na mitumbwi yao na siri zao. Bado wanazo. Ukitaka kujua samaki wamekaa wapi leo, muulize Mgenya, usimuulize mwenye duka.

Bonde la Kongo lina aina zaidi ya 700 za samaki, na katika mito yake mingi wapo wa jamii ya Labeobarbus, wenye magamba mapana na midomo minene, wanaopenda mkondo na mawe. Ndugu zao wa mto Vaal, Afrika Kusini, ndio samaki ambao warusha nzi wa kule huwafuata kwa fito namba 5 na 6, na husema wana nguvu kuliko trauti wa uzito ule ule. Nami nakubali. Samaki hawa wanakula viwavi na wadudu wa chini ya mawe, sawasawa na trauti, na ndiyo maana ujuzi wa Nyeri unafaa kwenye Luama kuliko watu wanavyofikiri. Nzi watakuwa wakubwa kidogo, wenye uzito, upepo wa mtoni ni mwingi, maji mara nyingi yana rangi. Uzi wa mbele hauna haja ya kuwa mwembamba kama unywele. Mita mbili za nailoni ya milimita 0.25, ile ile ya sokoni, zinatosha.

Kwa kazi hiyo mshipi namba 6 ni bora kuliko namba 5. Je, anunue ufito wa pili? Hapana. Ufito namba 5 unaopinda mpaka katikati unaubeba mshipi namba 6 bila kulalamika, mradi hurushi mbali, kwani tofauti yao katika zile futi 30 ni gramu moja na theluthi. Kwa kurusha kwa karibu, uzito huo wa ziada husaidia hata ufito kupinda upesi. Hesabu yangu ikawa ufito mmoja namba 5 na mishipi miwili: namba 5 wa baridi kwa Nyeri, namba 6 wa joto kwa nyumbani, yote miwili inayoelea.

"Mjomba, mishipi miwili ni pesa nyingi."

Ni kweli, na jibu lake lilinifurahisha kuliko mengine yote niliyompa. Mishipi iko ya maumbo mawili makubwa. Kuna ule ambao uzito wake wote uko mbele na nyuma yake ni mwembamba, uliokusudiwa kurushwa mbali. Na kuna ule mnene katikati, unaopungua sawasawa pande zote mbili. Ndani ya mita kumi za kwanza, ambako trauti wanakaa, tofauti yao ni ndogo. Lakini ule wa ncha mbili, ncha moja ikichakaa unaugeuza unaanza upya. Tena, penye vichaka nyuma ambapo huwezi kurusha juu ya bega, mshipi huu ndio unaoviringika vizuri mbele juu ya maji kwa kuusukuma tu, na mto Gura umejaa mahali kama hapo. Na zaidi ya yote, una urefu wa mita 27 hivi. Unaweza kukatwa katikati. Mita 13 na nusu nyuma zikiunganishwa na kamba nyembamba ya akiba, ni mshipi kamili kwa kijito. Nikamwambia atafute mwenzake wa kazini anayetaka kuvua, wanunue mmoja wa ncha mbili, wagawane. Fedha atakayookoa ndiyo ya mshipi wa nyumbani.

Kuhusu Lualaba kwenyewe, kwenye maji makuu, nilimkataza. Mle mna mbenga, samaki mwenye meno kama misumari, ambaye anaweza kufika kilo 50. Huyo si wa namba 5 wala 6. Tanzania, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji inayomwaga maji Kilombero, watu kutoka duniani kote huja kumtafuta ndugu yake kwa kurusha nzi, na hubeba fito namba 9, nzi wa urefu wa kidole cha kati aliyefanana na samaki mdogo, na waya wa chuma mbele, maana nailoni yoyote ile meno huikata kama majani. Kigurudumu nacho lazima kiwe na breki ya kweli. Huo ni mfuko mwingine na siku nyingine. Kijana akija na kifito chake cha trauti akataka kujaribu mbenga, atarudi nyumbani na mpini.

Wapo waliowahi kuniuliza, kwa nini trauti wasiletwe huku. Maji yetu ya bondeni ni ya joto, wangekufa, na hata kama wangepona juu milimani, mimi nisingetaka. Tunao samaki ambao bado hatujawafahamu vyema, na tayari tunawamaliza kwa vyandarua vya mbu vinavyokokota hata vifaranga. Ujuzi wa kurusha nzi ndio wa kuuleta. Ndoana moja hukamata samaki mmoja, na mdogo unaweza kumrudisha.

Na ujuzi wenyewe si mgeni kama unavyoonekana. Nilipokuwa mtoto, babu alinikatia ufito kutoka kwenye utete wa mwale, mrefu mara mbili ya kimo changu, akafunga uzi kwenye ncha, urefu sawa na ufito. Hakuna kigurudumu, hakuna risasi. Tuliweka panzi mdogo na kumlaza juu ya maji nyuma ya jiwe. Miaka mingi baadaye nikajua kwamba Wajapani wa milimani huvua hivyo hivyo kwa nzi wa unyoya, uzi umefungwa kwenye ncha, na uvuvi huo wanauita tenkara. Na mwandishi wa zama za Warumi, Aelianus, miaka kama 1,800 iliyopita, alieleza Wamakedonia waliovua samaki wa madoadoa kwa ndoana iliyofungwa sufi nyekundu na manyoya ya jogoo, ufito futi sita, uzi futi sita. Ningemwonyesha babu habari hiyo angeshangaa nini? Angesema uzi wao ulikuwa mfupi.

Nzi nao si lazima watoke ng'ambo. Kenya imekuwa kwa miongo mingi ikifunga nzi kwa mkono na kuwauza Ulaya na Marekani. Mafundi, wengi wao wanawake, hukaa mbele ya jiliwa ndogo wakizungusha unyoya kwenye ndoana siku nzima. Nimekaa karibu nao nikatazama vidole. Unyoya wa shingo ya jogoo, unyoya wa kanga wenye madoa, uzi wa kushonea, nta. Kasongo vyote hivyo vipo kwenye uwanja wa nyumba yoyote.

Salio la mpwa wangu liliisha tulipokuwa kwenye nzi. Niliteremka kwenye kichuguu nikijua nimesema mengi kuliko alivyoyataka. Siku nne baadaye ujumbe ukaingia usiku, simu ilipopata mtandao: "Mjomba, nimenunua mishipi yote miwili. Wa ncha mbili tumekata na rafiki yangu. Pesa ya ufito haikutosha, nasubiri mshahara."

Asubuhi nilikwenda kwenye miwale kando ya kijito nikachagua utete mnyoofu, nikaukata. Unakauka chini ya paa la jiko, umefungwa kwenye boriti ili usipinde. Desemba ikifika na ufito wa dukani haujapatikana, uzi wa kufunga kwenye ncha ya utete huo upo.